Kusambaza Taswira za Mfumo Endeshi kwa Kompyuta Pachikwa kupitia Mtandao: Hatua, Hesabu na Njia ya Kurudi

Ikisiri

Kompyuta ndogo zinazopachikwa ndani ya vifaa vingine zimeenea katika shule, zahanati, mitambo ya maji na vituo vya hali ya hewa. Kadiri idadi yake inavyoongezeka, ndivyo kazi ya kuziwekea mfumo endeshi mmoja baada ya mwingine kwa mkono inavyozidi kuwa ngumu. Makala haya yanaeleza namna mfumo endeshi unavyoweza kupelekwa kwenye kompyuta hizo kupitia mtandao. Maelezo yanaanzia pale kifaa kinapowashwa kikiwa hakijui hata anwani yake, hadi pale kinapothibitisha kwamba mfumo mpya unafanya kazi. Kifaa kilichochukuliwa kuwa mfano ni Raspberry Pi. Makala ni ya kimaelezo na yamejengwa juu ya itifaki zilizochapishwa hadharani pamoja na hesabu ambazo msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe. Hoja kuu ni kwamba ubora wa mpango wa usambazaji hupimwa kwanza kwa uhakika wa kifaa kurudi kwenye hali iliyokuwa ikifanya kazi, na kasi hufuata baadaye. Mwishoni makala yanajadili istilahi chache za Kiswahili zinazohitajika ili somo hili lifundishike bila utata.

Maneno Msingi: kompyuta pachikwa, taswira ya mfumo, kianzishi, itifaki, usambazaji, uthibitisho

1.0 Utangulizi

Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni maabara ya shule ya sekondari yenye kompyuta ndogo 30, zote zikiwa katika chumba kimoja. Wa pili ni vifaa 30 vya kupimia kina cha maji, kila kimoja kikiwa kwenye tangi la kijiji chake, juu ya kilima, mbali na barabara ya lami. Katika hali zote mbili fundi ana jukumu lilelile: kuhakikisha kwamba vifaa 30 vinaendesha mfumo endeshi uleule, wenye marekebisho yaleyale. Hata hivyo, gharama ya kosa haifanani. Katika maabara, kompyuta iliyoharibika huchomolewa kadi, ikaandikwa upya na somo likaendelea. Kule kilimani, kifaa kilichopokea mfumo mbovu hunyamaza kabisa. Wasimamizi hawajui tena kama tangi lina maji au halina, na fundi hulazimika kusafiri siku nzima kwa ajili ya kazi ya dakika kumi.

Mafundi wana usemi kwamba kifaa cha namna hiyo kimegeuka tofali: kina umbo na uzito, lakini hakina kazi. Tofauti kati ya usambazaji mwema na ule unaozalisha matofali ndiyo inayoshughulikiwa na makala haya. Wanafunzi wengi wa fani hii hupokea maelekezo kwa mtindo wa orodha ya amri za kunakili, bila kuelezwa kwa nini hatua moja hutangulia nyingine. Anayejua amri pekee hukwama pale mtandao wake unapotofautiana na ule wa mwandishi wa maelekezo. Anayejua sababu huweza kujipangia njia.

2.0 Dhana za Msingi

Kompyuta pachikwa ni kompyuta iliyowekwa ndani ya kifaa ili itekeleze kazi mahususi ya kifaa hicho. Mara nyingi haina kioo wala kibodi. Ruta ya nyumbani, mashine ya kulipia kwa kadi dukani na mita ya umeme ya kisasa ni mifano iliyozoeleka.

Taswira ya mfumo ni faili moja, au mkusanyiko wa mafaili machache, iliyobeba mfumo endeshi kamili: kiini cha mfumo, programu za msingi, mipangilio na mpangilio wa hifadhi yenyewe. Taswira haifanani na programu ya kawaida ambayo husakinishwa ndani ya mfumo uliopo. Taswira ndiyo mfumo wenyewe. Inapoandikwa kwenye hifadhi, yote yaliyokuwa katika sehemu hiyo hufutika.

Kianzishi ni programu fupi inayotangulia mfumo endeshi. Kazi yake ni kuandaa kumbukumbu, kutafuta kiini cha mfumo, kukipakia na kukikabidhi uendeshaji. Kianzishi kinachotumika sana katika kompyuta pachikwa ni U-Boot, kilichoasisiwa na Wolfgang Denk wa Ujerumani na kupewa jina hilo mwaka 2002. Kabla ya kianzishi kuna msimbo mfupi zaidi uliochongwa ndani ya kichakataji kiwandani, ambao hauwezi kubadilishwa.

Kwa hiyo kuwaka kwa kompyuta ni mnyororo wa makabidhiano. Msimbo wa kiwandani hukipakia kianzishi, kianzishi hukipakia kiini, na kiini huzindua programu nyingine. Kila mmoja katika mnyororo huu anajua mambo machache tu, yaani yale yanayotosha kumpata anayefuata. Kuelewa usambazaji kupitia mtandao ni kuelewa kwamba makabidhiano hayo yanaweza kufanyika kwa waya badala ya kadi ya kumbukumbu.

3.0 Hatua za Kuwaka kupitia Mtandao

3.1 Kuomba anwani

Kifaa kinapopata umeme bila kuwa na mfumo ndani yake, kinajua jambo moja tu kuhusu mtandao: anwani ya MAC, namba ya biti 48 kiliyopewa kiwandani. Hakijui anwani yake ya IP, wala seva iliko, wala jina la faili kinalolihitaji. Kwa kuwa hakimjui wa kumuuliza, huwauliza wote. Hutuma ujumbe kwa anwani ya 255.255.255.255, ambayo humfikia kila aliye katika mtandao uleule wa ndani.

Utaratibu huu uliwekwa rasmi mwaka 1985 katika itifaki ya BOOTP, iliyoandikwa na Bill Croft na John Gilmore katika hati ya RFC 951. Baadaye ulipanuliwa kuwa DHCP, ambayo toleo lake linalotumika hadi leo kwa anwani za IPv4 lilichapishwa mwaka 1997 katika hati ya RFC 2131. Mazungumzo ya DHCP yana hatua nne: kifaa hutafuta seva, seva hutoa pendekezo la anwani, kifaa huomba rasmi anwani iliyopendekezwa, na seva huthibitisha. Pamoja na anwani ya IP, jibu hilo huweza kubeba taarifa mbili muhimu kwa makala haya, nazo ni anwani ya seva ya mafaili na jina la faili la kuanzia.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea katika maabara nyingi. Ruta iliyopo tayari hutoa huduma ya DHCP. Fundi anapowasha seva ya pili ya DHCP katika mtandao huohuo, vifaa hupokea mapendekezo mawili yanayopingana, na matokeo yake hayatabiriki: leo kompyuta inawaka, kesho haiwaki. Suluhisho ni kuifanya seva mpya kuwa msaidizi, yaani isigawe anwani bali iongeze tu taarifa za kuwakia, huku ruta ikiendelea na kazi yake. Programu ya dnsmasq ina uwezo huo, na inajumuisha pia huduma ya kutuma mafaili.

3.2 Kupokea mafaili ya mwanzo

Baada ya kupata anwani, kifaa huomba faili la kwanza kwa itifaki ya TFTP. Itifaki hii iliwekwa makusudi iwe nyepesi ili iweze kuenea ndani ya msimbo mdogo wa kiwandani. Toleo lake la sasa ni RFC 1350 la mwaka 1992. Haina jina la mtumiaji wala nywila. Haina hata uwezo wa kuorodhesha mafaili. Inaomba faili kwa jina, inalipokea vipande kwa vipande, basi.

3.3 Kupata mfumo wa mafaili

Kiini kinapokuwa kimepakiwa, bado kinahitaji mfumo wa mafaili wenye programu zote. Njia zipo mbili. Katika njia ya kwanza, mafaili hubaki kwenye seva na kifaa huyasoma kupitia itifaki ya NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984. Kifaa huishi kwa seva na hakihifadhi chochote. Katika njia ya pili, kiini cha muda huvuta taswira kamili kutoka kwenye seva, huiandika kwenye hifadhi ya kifaa, kisha kifaa huzimwa na kuwashwa upya kikijitegemea.

Njia ya kwanza inafaa maabara. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kadi za kumbukumbu huharibika kwa sababu uandishi hukatizwa katikati. Kompyuta ambayo inasoma tu kutoka kwenye seva, bila kuandika popote, huweza kuzimika ghafla na kuwaka tena bila madhara. Panapohitajika kinga dhidi ya kukatika kwa umeme, huwekwa kwenye seva moja badala ya kompyuta 30. Udhaifu wake ni kwamba seva ikisimama, darasa zima husimama. Njia ya pili inafaa vifaa vinavyokwenda kufanya kazi mbali, ambako seva haiwezi kufikiwa kila wakati.

4.0 Mfano wa Raspberry Pi

Raspberry Pi 3 Model B, iliyotolewa Februari 2016, ina uwezo wa kuwaka kupitia mtandao ndani ya msimbo wake wa kiwandani, ila uwezo huo umefungwa. Ili kuufungua, mtumiaji huiwasha mara moja kwa kadi iliyo na mstari program_usb_boot_mode=1 katika faili la config.txt. Mstari huo huchoma biti moja katika kumbukumbu inayoandikwa mara moja tu, na kitendo hicho hakirudishwi. Raspberry Pi 3 Model B+ ya mwaka 2018 ilitoka kiwandani ikiwa tayari imefunguliwa. Katika Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, kianzishi kilihamishiwa kwenye kumbukumbu ya EEPROM inayoweza kuandikwa upya, na mpangilio uitwao BOOT_ORDER huamua kama kifaa kitafute kwanza kadi, hifadhi ya USB au mtandao.

Kwa Raspberry Pi 3, mwenendo ni kama ufuatao. Kifaa hutangaza ombi la DHCP. Jibu la seva lazima libebe maneno “Raspberry Pi Boot” katika sehemu ya taarifa za mtengenezaji. Yasipokuwemo, kifaa hulipuuza jibu. Kisha huomba faili la bootcode.bin kwa TFTP. Baada ya hapo huomba start.elf ndani ya saraka yenye namba ya utambulisho ya kifaa hicho. Saraka isipokuwepo, huomba faili hilo katika saraka kuu. Hufuata config.txt, cmdline.txt, kiini cha mfumo na faili linaloeleza maunzi ya kifaa.

Utaratibu wa saraka kwa namba ya utambulisho una faida kubwa. Mwalimu anaweza kuweka mafaili ya pamoja katika saraka kuu kwa ajili ya kompyuta 29, akafungua saraka moja tu ya kompyuta ya majaribio. Toleo jipya la mfumo hujaribiwa katika kompyuta hiyo kwa wiki moja kabla ya kuhamishiwa kwenye saraka kuu. Gharama ya tahadhari hii ni saraka moja.

Ikumbukwe kwamba kuwaka huku hufanyika kwa waya wa Ethernet pekee. Msimbo wa mwanzo haujui nywila ya mtandao usio na waya wala hauna programu ya kuuendesha.

5.0 Hesabu za Kasi

5.1 Umbali na TFTP

TFTP hutuma kipande cha baiti 512, husubiri kithibitisho, kisha hutuma kipande kingine. Kwa hiyo kasi yake hutawaliwa zaidi na muda wa ujumbe kwenda na kurudi kuliko upana wa njia. Taswira ndogo ya baiti 16,777,216 ina vipande 32,768. Katika mtandao wa ndani, ambapo kwenda na kurudi huchukua takriban milisekunde 1, kusubiri kote hufikia sekunde 33. Seva ikiwa katika nchi nyingine, na safari ikichukua milisekunde 100, kusubiri hufikia sekunde 3,277, yaani karibu dakika 55. Mtoa huduma wa intaneti akiongeza upana wa njia mara kumi, dakika hizo hazipungui, kwa sababu muda unaopotea ni wa kusubiri na si wa kubeba.

Mwaka 1998, hati ya RFC 2348 iliruhusu pande mbili kukubaliana kuhusu ukubwa wa kipande. Kipande cha baiti 1,468 hutosha kuingia katika pakiti moja ya kawaida ya Ethernet bila kugawanywa. Kwa ukubwa huo, taswira ileile huwa na vipande 11,429. Kwa milisekunde 100 kila kimoja, kusubiri hushuka hadi dakika 19. Ni nafuu, lakini bado ni mwendo wa kobe. Aidha, namba ya kipande ina biti 16 tu, hivyo kwa vipande vya baiti 512 hesabu hufika ukomo karibu na baiti milioni 33.6. Seva na vifaa vingine huanza kuhesabu upya kutoka sifuri, vingine hukwama.

Funzo la hesabu hizi ni kwamba TFTP ni ya chumbani. Itumike kuleta kianzishi na kiini tu, kutoka kwenye seva iliyo karibu. Mafaili makubwa yaletwe kwa HTTP au NFS. Palipo na shule nyingi, ni bora kila shule iwe na seva yake ndogo inayopokea taswira mara moja usiku, kisha ikaigawa ndani.

5.2 Wingi wa vifaa

Tuseme taswira ina gigabaiti 4 na vifaa ni 30. Kila kifaa kikichukua nakala yake, seva hutoa gigabaiti 120. Ikiwa seva imeunganishwa kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao kwa kiwango cha juu kabisa hubeba megabaiti 12.5 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua sekunde 9,600, yaani saa 2 na dakika 40. Waya wa gigabiti 1 huipunguza hadi dakika 16, kama hifadhi ya seva inaweza kuendana na kasi hiyo.

Ipo njia nyingine, nayo ni kutuma kwa kundi: seva hutoa nakala moja, na swichi huifikisha kwa wote waliojiunga. Hata kwa waya wa megabiti 100, gigabaiti 4 hutolewa kwa sekunde 320, bila kujali kama wapokeaji ni 3 au 30. Clonezilla na UDPcast hufanya kazi kwa njia hii. Sharti lake ni kwamba vifaa vyote vianze pamoja na kuwe na utaratibu wa kurudia vipande vilivyopotea. Haifai kutumiwa bila waya, kwa kuwa mitambo mingi ya mtandao usio na waya hutuma ujumbe wa kundi kwa kasi ya chini na bila kuthibitisha mapokezi.

6.0 Vifaa vya Mbali na Njia ya Kurudi

Hadi hapa tumezungumzia vifaa vilivyo ndani ya mtandao mmoja. Tukirudi kwenye tangi la kilimani, mambo hubadilika. Kifaa hakiwezi kuwaka kwa kutegemea seva ya mbali. Lazima kiwe na mfumo ndani yake, na mfumo huo lazima ubadilishwe ukiwa unafanya kazi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika taswira mpya juu ya taswira pekee iliyopo. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, kifaa hubaki na nusu ya mfumo mpya na nusu ya ule wa zamani, hali ambayo si mfumo kabisa. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo lina utekelezaji wake wa kiufundi.

Hifadhi ya kifaa hugawanywa sehemu mbili zinazolingana, tuziite A na B. Mfumo unaotumika ukiwa katika A, taswira mpya huandikwa katika B. Uandishi ukikatizwa, hakuna kilichopotea, kwa kuwa A haikuguswa. Uandishi ukikamilika, alama ya uadilifu wa taswira hukokotolewa na kulinganishwa na ile iliyotumwa na mtengenezaji. Zikilingana, kianzishi huelekezwa kuwasha B. Kitendo hiki cha kuelekeza ndicho pekee kinachobadilisha hali ya kifaa, nacho ni badiliko la baiti chache linalofanyika kwa mara moja: ama limefanyika, ama halijafanyika.

Kazi haijaisha. Mfumo katika B unaweza kuwaka vizuri lakini ukashindwa kuwasiliana na mtandao, na kwa kifaa cha mbali hali hiyo ni sawa na kutowaka. Kwa hiyo kianzishi hupewa kihesabio. Katika U-Boot, kigeu kiitwacho bootcount huongezeka kila kifaa kinapowashwa upya, na bootlimit huweka ukomo, tuseme 3. Mfumo mpya ukifanikiwa kuwasiliana na seva na kutuma kipimo cha kwanza, hukirudisha kihesabio kwenye sifuri na hivyo kujithibitisha. Ukishindwa mara tatu, kianzishi hurudi kwenye A. Pembeni huwekwa saa mlinzi ya kimaunzi, ambayo hukizima na kukiwasha kifaa iwapo mfumo utaganda bila kutoa ishara ya uhai.

Utaratibu huu hautumiki katika mitambo midogo pekee. Android iliuanzisha mwaka 2016 katika toleo la 7.0. Kwa kompyuta pachikwa zinazotumia Linux, programu huria za RAUC, SWUpdate na Mender huutekeleza. Gharama yake ni hifadhi mara mbili. Ukilinganisha bei ya gigabaiti chache na nauli ya kwenda vilimani mara 30, mizani iko wazi.

Swali la kipimo cha uthibitisho linastahili uangalifu. Kifaa kisijithibitishe kwa sababu tu kimewaka. Kijithibitishe kwa kutekeleza kazi ambayo kiliwekwa pale kuifanya, pamoja na kuweza kupokea taswira nyingine. Mfumo unaopima maji vizuri lakini hauwezi tena kusasishwa umejifungia mlango.

7.0 Usalama

DHCP na TFTP huamini kila anayejibu. Mtu yeyote aliyechomeka kompyuta yake kwenye swichi ya maabara anaweza kujibu kabla ya seva halali na kuvipa vifaa mfumo wake. Kwa sababu hiyo, kuwaka kupitia mtandao kufanyike katika mtandao uliotengwa, na si katika ule unaotumiwa na wageni.

Kwa vifaa vya mbali, kutenga mtandao hakutoshi. Taswira hutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri unaobaki kwa mtengenezaji, na kila kifaa hubeba ufunguo wa umma wa kuihakiki. Alama ya uadilifu pekee hujibu swali kwamba faili halikuharibika njiani. Saini hujibu swali la nani amelituma. Maswali haya hayafanani, na kuyachanganya ni kosa linaloonekana mara kwa mara katika mafunzo.

Zipo tahadhari tatu za ziada. Kwanza, saini ya zamani huendelea kuwa halali. Mshambuliaji anaweza kutuma taswira halali ya miaka iliyopita yenye udhaifu unaojulikana, hivyo kifaa kitunze namba ya toleo na kukataa kurudishwa nyuma ya kiwango kilichowekwa. Pili, kompyuta ndogo nyingi, zikiwemo Raspberry Pi hadi toleo la 4, hazina saa yenye betri. Baada ya umeme kukatika, kifaa huweza kudhani kwamba tuko katika mwaka uliopita na kukataa cheti halali cha seva kwa madai kwamba muda wake haujaanza. Saa irekebishwe kwanza kabla ya kuomba taswira. Tatu, ufunguo wa siri ukipotea, vifaa vyote vilivyo uwanjani havitapokea tena marekebisho. Ukiibwa, vitapokea ya mwizi. Nakala ya ufunguo itunzwe mahali pawili, nje ya mtandao.

8.0 Suala la Istilahi

Wanafunzi wa ukanda wetu hukutana na somo hili wakiwa na majina tofauti ya kitu kilekile. Mtanzania husema kompyuta, vitabu vya Kenya huandika tarakilishi, na Mnyarwanda katika lugha yake husema mudasobwa, jina ambalo huelezwa kuwa na maana ya asiyekosea. Tofauti hizi hazizuii mawasiliano. Ugumu huzuka pale neno moja linapobeba maana mbili katika aya moja.

Mfano ni kitenzi kuwasha. Kuwasha taa ni kuipa umeme. Kompyuta iliyopewa umeme bado haijawaka kwa maana ya kufikia mfumo endeshi. Makala haya yanapendekeza kuwasha kwa tendo la kutoa umeme na mchakato mzima kwa jumla, kuanzisha kwa kazi ya kianzishi, na kuzindua kwa hatua ya kiini kuanza programu nyingine. Vilevile, kusambaza ni kupeleka taswira kwa wengi, ilhali kusakinisha ni kuiweka ndani ya kifaa kimoja. Fundi anaweza kusambaza taswira kwa vifaa 30 na ikasakinishwa katika 28 tu. Bila vitenzi viwili hawezi kuandika ripoti ya sentensi moja iliyo sahihi.

Neno taswira limeazimwa kutoka fasihi, ambako humaanisha picha inayojengwa akilini. Baadhi ya walimu hupendelea nakala kamili. Makala yamechagua taswira kwa sababu nakala hudokeza kwamba pana asili iliyonakiliwa, ilhali taswira nyingi leo hujengwa moja kwa moja kutoka kwenye msimbo bila kupitia kompyuta yoyote ya asili. Uamuzi huu unaweza kupingwa. Kinachohitajika ni kwamba istilahi ichaguliwe kwa kutazama kazi ya kitu, kisha itumike bila kuyumba.

9.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kusambaza mfumo endeshi kupitia mtandao ni mnyororo wa makabidhiano, kuanzia kifaa kisichojua anwani yake hadi mfumo uliojithibitisha. Itifaki za hatua za mwanzo ni nyepesi, ni za zamani na hazina ulinzi. Zinafaa zikiwekwa chumbani, karibu na vifaa, katika mtandao uliotengwa. Kwa vifaa vya mbali, mambo matatu hayaepukiki: sehemu mbili za hifadhi, saini ya kidijitali, na kipimo cha uthibitisho kinachotokana na kazi halisi ya kifaa.

Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi vinavyofundisha somo hili vianze na kutofaulu kabla ya kufaulu. Mwanafunzi achomoe waya wa umeme katikati ya uandishi wa taswira, aone kinachotokea kwenye kifaa chenye sehemu moja na kwenye kifaa chenye sehemu mbili. Zoezi hilo linahitaji kompyuta ndogo mbili na nusu saa. Atakayelifanya atakuwa ameona kwa macho yake, kabla hajakabidhiwa tangi la kijiji chochote, kwa nini njia ya kurudi hupangwa kabla ya safari.